Wadudu wa chini ya mawe: jinsi wanavyopima afya ya mto, na wasichoweza kupima

Ukisimama kwenye daraja la mto Karanga mwezi wa Agosti, maji yanaweza kuwa maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto za chini. Aprili, masika yakiwa yamekolea, mto uleule hupita na rangi ya tofali. Waulize watu wa Moshi ni lini mto huo ni msafi, na wengi watajibu Agosti. Huenda ni kweli, lakini rangi haijathibitisha chochote. Udongo wa mvua unaonekana kwa sababu ni udongo. Amonia ya maji taka haionekani, sabuni iliyokwisha kuyeyuka haionekani, na dawa ya kunyunyizia mimea inaweza kuua wadudu wote wa mtoni bila maji kubadilika rangi hata kidogo.

Njia tuliyoizoea ya kujua yaliyofichika ni kuchota maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara. Ni njia nzuri, na kuna mambo ambayo hakuna njia nyingine ya kuyajua. Udhaifu wake uko kwenye muda. Chupa iliyochotwa saa nne asubuhi inaeleza maji ya saa nne asubuhi, basi. Tuseme mtu amefungulia uchafu saa sita usiku, na mto unakwenda nusu mita kwa sekunde. Kufikia saa ya kuchota, maji yaliyobeba uchafu ule yameshafika kilomita 18 huko chini. Maabara itatoa cheti kizuri, na hakuna aliyedanganya.

Ndiyo sababu watu wanaochunguza mito hupindua mawe. Wanachokitafuta ni wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, wakubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, wanaoishi chini ya mawe, ndani ya mchanga, kwenye tope au kwenye mizizi ya ukingoni: tunutu wa kereng'ende, mabuu ya usubi, mbawakavu wa majini, konokono, ruba, minyoo, kaa. Wengi wao ni watoto wa wadudu ambao baadaye huota mabawa na kuruka. Samaki akiona maji yameharibika anaweza kukimbilia kijito cha jirani. Tunutu aliyeng'ang'ania jiwe hana pa kukimbilia isipokuwa kuachia na kuchukuliwa na mkondo. Kila kilichopita mtoni, mchana na usiku, kimepita juu ya mgongo wake, na kama yuko hai leo, kilichopita alikivumilia.

Wote hawana uvumilivu sawa, na mbinu nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo. Chanzo chake kikubwa ni oksijeni. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 25 hushika 8 tu, na huku kwetu mlimani kiasi hicho hupungua zaidi kwa kuwa hewa yenyewe ni nyepesi. Sasa mwaga ndani yake kitu kinachooza. Chukua maji ya kumenyea na kuoshea kahawa mbivu, ambayo katika vijiji vya Kilimanjaro hupatikana kwa wingi nusu ya pili ya mwaka. Yana sukari na ute mwingi. Bakteria hushambulia chakula hicho, huongezeka haraka, na wanapokila wanatumia oksijeni ileile ambayo wanyama wa mtoni wanaitegemea. Kinyesi, damu ya machinjioni na mabaki ya sokoni hufanya kazi hiyohiyo.

Anayeumia wa kwanza ni mdudu mmoja mwindaji, mwenye mikia miwili na kucha mbili kila mguu, anayejificha chini ya mawe penye maji ya kasi. Wanasayansi humweka katika kundi la plekoptera. Matamvua yake ya kupumulia yameota kifuani, karibu na mashina ya miguu. Oksijeni ikipungua utamwona akinyanyua na kushusha mwili wake kwa kurudiarudia ili maji yapite kwenye matamvua hayo. Hali ikizidi kuwa mbaya, anatoweka.

Jamaa yake wa karibu kwa sura ni mdudu wa mikia mitatu, wa kundi la efemeroptera. Hapa wanaoanza hukosea sana, kwa sababu baadhi ya hao wa mikia mitatu wana mikia miwili tu. Usihesabu mikia peke yake. Angalia matamvua: ya huyu yamepangwa ubavuni mwa tumbo, mara nyingi yakipepea, na kila mguu una ukucha mmoja. Ndani ya kundi hili kuna walio bapa kabisa, wanaojibandika juu ya jiwe hata mkondo ukiwa mkali, na hao ni wepesi kudhurika. Lakini kuna pia wadogo, waogeleaji hodari, ambao baadhi yao huvumilia uchafu wa kiasi. Kuna na kundi la tatu, trikoptera, ambao wengine hujijengea vibanda vya mchanga au vijiti na wengine husuka nyavu ndogo kati ya mawe ili kunasa chakula kinachopita.

Upande wa pili wapo wanaoishi palipowashinda wenzao. Funza wekundu wa tope wana himoglobini, kitu kilekile kinachoipa damu yetu rangi, na kwa msaada wake huvuta hata oksijeni kidogo iliyobaki. Konokono wengine hupanda juu na kupumua hewa ya kawaida. Kuna funza mmoja wa maji machafu sana mwenye mkia mrefu unaorefuka na kufupika. Mkia huo ni bomba la kupumulia, ncha yake ikitokeza juu ya maji. Kwake oksijeni ya majini si hoja tena.

Jambo linalofuata husomwa kinyume mara nyingi. Kuwaona funza wekundu si ushahidi kwamba mto umechafuka. Wapo hata kwenye vijito safi vya msituni, wachache, kati ya makundi mengine mengi. Ushahidi uko kwa waliotoweka. Pale ambapo wadudu bapa na wenye mikia miwili walipaswa kuwepo na hawapo, na funza wekundu na minyoo wamejaa, hapo ndipo mto umesema jambo.

Kutoka hapo mpaka kupata namba si safari ndefu. Kila kundi, kwa kawaida familia moja ya wadudu, hupewa alama ya wepesi wake wa kudhurika, kuanzia 1 kwa wagumu kabisa hadi 15 kwa walio laini zaidi. Unakusanya wanyama, unaandika familia ulizozikuta, unajumlisha alama, kisha unagawanya jumla kwa idadi ya familia ili kupata wastani. Idadi ya wadudu wa kila familia huandikwa kwa makadirio, lakini haiingii kwenye hesabu. Familia chache tu, kama waogeleaji wadogo na wasuka nyavu, alama yao hutegemea umekuta aina ngapi ndani yake.

Tufanye mfano wa kufundishia, kwa alama za mfumo wa Afrika Kusini uitwao SASS. Kituo cha juu tumepata familia tisa: mwenye mikia miwili (12), mdudu bapa (13), waogeleaji wadogo wa aina zaidi ya mbili (12), mbawakavu wadogo wa kwenye mawe (8), wasuka nyavu wa aina mbili (6), funza wakubwa wa mbu-jitu mwenye miguu mirefu (5), usubi (5), kaa (3) na funza wa tope (2). Jumla ni 66, wastani 7.3. Kituo cha chini, baada ya mji, tumepata pia familia tisa: usubi (5), waogeleaji wadogo wa aina moja tu (4), familia mbili za kereng'ende wavumilivu (4 na 4), ruba (3), konokono wa kupumua hewa (3), funza wa tope (2), viluwiluwi vya mbu (1) na minyoo (1). Jumla ni 27, wastani 3. Mtu aliyehesabu makundi peke yake angesema vituo hivi viko sawa, tisa kwa tisa. Kilichobadilika ni nani wanaounda hiyo tisa.

Kwa nini tuhangaike na wastani wakati jumla tayari imeonyesha tofauti? Kwa sababu jumla hutegemea sana mahali ulipotafuta na bidii yako. Mwanafunzi aliyefanya mitihani tisa na aliyefanya minne hawawezi kulinganishwa kwa jumla ya alama. Kituo chenye mawe, majani na mchanga kitatoa familia nyingi kuliko chenye mchanga mtupu, hata maji yakiwa yaleyale. Wastani hauyumbishwi sana na hilo. Mimi nikilazimika kuchagua namba moja ya kubaki nayo, nachagua wastani, ingawa anayetazama zote mbili huona zaidi: jumla ikishuka huku wastani ukibaki pazuri, mara nyingi ni makazi ya wadudu yaliyopungua, si maji yaliyochafuka.

Wazo hili lina zaidi ya karne moja. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walipanga viumbe wa mtoni kwa uvumilivu wao wa uchafu tangu miaka ya mwanzo ya 1900. Waingereza walitengeneza mfumo wao wa alama miaka ya 1970, Afrika Kusini wakaunda wa kwao miaka ya 1990, na Tanzania ikapata wa kwake: mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha TARISS, mfumo uliojengwa juu ya ule wa Afrika Kusini na kurekebishwa kwa mito yetu.

Marekebisho hayo yalikuwa ya lazima. Mdudu wa mikia miwili, kwa mfano, ana familia nyingi Ulaya, na mito yao safi hujaa aina zake. Afrika Mashariki tuna jenasi moja tu inayojulikana vizuri, Neoperla. Mtu akija na kipimo cha Ulaya akakihesabu kijito kisafi kabisa cha Kilimanjaro, kijito kitaonekana maskini kwa kosa ambalo si lake. Halafu kuna joto. Huko kwenye baridi kali wadudu wengi huchukua mwaka mzima kukua. Huku kwetu baadhi ya wale waogeleaji wadogo hukamilisha maisha ya majini kwa wiki chache, na huzaliana karibu mwaka mzima. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya mto wetu ni fupi kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyosema. Sumu iliyopita miezi sita iliyopita inaweza kuwa imeshafutwa na wageni waliobebwa na mkondo kutoka juu. Kaa, anayeishi miaka, hukumbuka zaidi, ila naye ni mgumu na alama yake ni ndogo.

Nije kwenye kinachoharibu tafsiri kuliko kingine chochote: kulinganisha visivyolinganishwa. Mto unaoanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, hupita kwenye baridi ya juu, msitu, vihamba vya migomba na kahawa, mji, kisha tambarare ya joto kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Juu kabisa familia ni chache kwa asili, kwa sababu ya baridi. Chini, mto ni mpana, mwendo umepoa, mchanga umetawala, na wapenda mawe hawapo hata kama hakuna aliyemwaga chochote. Ndiyo maana kila kituo hulinganishwa na kituo cha rejea: mahali pa kimo kinachokaribiana, mto wa aina ileile, sakafu ya aina ileile, ambapo shughuli za watu ni chache. Wastani wa 5 unaweza kuwa habari njema kwenye mchanga wa tambarare na msiba kwenye mawe ya mpakani mwa msitu. Shida yetu ni kwamba huku chini, mto usioguswa na watu umekuwa adimu, na bila rejea nzuri namba inaning'inia hewani.

Kisha kuna mfongo. Mifereji hii ya Wachaga imelisha migomba kwa vizazi vingi na sioni sababu ya kuilaumu. Lakini kiangazi kikikolea, maji yanayogawanywa juu yanaweza kuuacha mto wenyewe ukichuruzika kati ya mawe makavu. Wadudu wanaohitaji mkondo wa kasi huondoka au hufa. Wasuka nyavu hawana cha kunasa, kwa kuwa hakuna kinachopita. Maji yaliyobaki yanapata joto, oksijeni inashuka, alama zinaporomoka, na hakuna hata tone moja la uchafu lililoingia. Mtu asiyejua habari za mfongo ataanza kumtafuta mchafuzi ambaye hayupo. Kilimo cha ukingoni na uchimbaji mchanga hufanya kitu kinachofanana na hicho: udongo laini hujaza nafasi kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli zinazoharibu mto, na umuhimu wa mita hizo huonekana wazi zaidi ukipindua jiwe lililozikwa na tope.

Kwa hiyo namba hii hupima afya ya mto kwa ujumla: maji, mkondo, sakafu na ukingo kwa pamoja. Haipimi uchafuzi peke yake. Na kuna mambo ambayo haiyapimi kabisa. Ninayasisitiza kwa sababu yanagusa miili ya watu.

Chukua floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huipa floraidi nyingi chemchemi na mito kadhaa ya upande wa Arusha, Ngarenanyuki ukiwa mfano unaojulikana sana. Meno ya kahawia ya watoto, na kwa wengine mifupa iliyopinda, ni matokeo yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5. Mfumo wa alama haukutengenezwa kukuonyesha mpaka huo. Kijito chenye mawe masafi na wadudu wengi kinaweza kuwa na maji ya kuharibu meno ya mtoto. Hapo ni maabara tu.

Vivyo hivyo vimelea. Ng'ombe wakinywa maji juu kidogo ya kituo chako, au nyani wakishinda ukingoni, bakteria wa kinyesi wanaweza kuwemo kwa kiwango cha kukuuguza huku mdudu wa mikia miwili akiendelea na maisha yake bila shida. Alama nzuri si ruhusa ya kunywa bila kuchemsha. Konokono nao wana fumbo lao: familia zinazobeba kichocho zina alama 3 kwenye orodha, lakini 3 hiyo inahusu uvumilivu wa konokono. Haisemi kitu kuhusu hatari yake kwa mkulima wa mpunga anayesimama majini huko Mabogini. Tena mrututu, dawa ya shaba inayonyunyiziwa kahawa dhidi ya kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni, ukifika mtoni huua konokono mapema; hivyo kukosekana kwao kunaweza kuwa dalili mbaya. Kwa ujumla sumu za shambani huacha alama tofauti na kinyesi: wadudu wengi huondoka kwa ghafla hata oksijeni ikiwa tele. Wastani peke yake hautakuambia ni kipi kati ya hivyo viwili. Orodha ya majina yenyewe itakupa fununu, na maabara itathibitisha.

Ninavyoona, nafasi halisi ya wadudu hawa ni kutuambia wapi na lini pa kupeleka chupa. Vipimo vya maabara ni ghali, na mito ya Karanga, Rau, Weruweru, Kikafu, kisha Themi na Naura za Arusha, ina maelfu ya mita za ukingo ambazo hakuna mtu wa kuzichota kila wiki. Wadudu wako huko muda wote. Wanaweza kukuonyesha kwamba kati ya daraja hili na lile kuna kitu kimetokea. Kutoka hapo, jumuiya ya watumia maji inakwenda Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake hapahapa Moshi, ikiwa na hoja ya mahali mahususi badala ya lalamiko la jumla kwamba mto umeharibika.

Vifaa ni vichache: wavu wenye fremu ya sentimita 30 kwa 30 na matundu ya milimita 1, sinia jeupe, kibano, lenzi ya mkono, na gambuti, kwa sababu ya kichocho. Mbinu ya SASS inataka utafute sehemu tatu kila moja peke yake. Kwenye mawe ya mkondoni unakorogakoroga kwa miguu kwa dakika 2 huku wavu ukiwa upande maji yanakoelekea. Kwenye majani ya ukingoni unapitisha wavu jumla ya mita 2. Kwenye changarawe, mchanga na tope ni dakika 1. Kila fungu linamwagwa kwenye sinia na kutazamwa hadi dakika 15, kisha wanyama wanarudishwa mtoni. Familia karibu zote zinatambulika palepale, na mwalimu wa baiolojia aliyefundishwa vizuri kwa siku chache anaweza kuongoza darasa lake.

Anayetaka kuanza na mto mmoja achague vituo vitatu: mpakani mwa msitu, kabla ya mji, na baada ya mji. Ukihitaji kuingia ndani ya msitu wenyewe omba kibali kwanza, kwani tangu 2005 msitu huo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Fanya vituo vyote siku moja au siku zinazofuatana, Januari na Februari au Agosti na Septemba, na kamwe si mara baada ya mafuriko. Mto unahitaji wiki kadhaa kujaza tena wanyama waliosombwa. Suuza wavu vizuri kabla ya kuhama, la sivyo utahamisha wadudu wa kituo cha juu kwenda kwenye alama za kituo cha chini. Pamoja na majina ya familia andika joto la maji, kina, aina ya sakafu, nani anafua au kulima hapo karibu, na kama mfongo wa juu yako ulikuwa umefunguliwa siku hiyo.